Kula Si Lazima

Kompyuta ya kwanza niliyoimiliki ilinuka ugoro. Haikuja hivyo. Ilipokuja ilinuka vumbi na plastiki iliyopata moto, harufu ya ofisi ya mtu mwingine, na mimi niliipenda kwa sababu nilikuwa nimetoka ofisini karibuni na sikuwa nimezoea kukaa nyumbani. Ugoro ulikuja baadaye, na aliyeuleta sikuruhusiwa hata kumtazama.

Nilikuwa mchapaji katika ofisi ya kiwanda cha chai. Kiwanda kilipouzwa kwa wenyewe wapya, sisi wa ofisini tuliitwa mmoja mmoja tukashukuriwa. Neno lenyewe ndilo hilo, kushukuriwa. Tuliambiwa serikali inatoka kwenye biashara, soko sasa ni huria, na kila mtu ajitegemee. Waliotueleza hayo walikuwa hawajawahi kuchuma jani moja la chai, na walitueleza huku wameshika vikombe vya chai yetu. Sikulia. Nilichukia, na chuki ile sijaitua mpaka leo, maana nilikuwa mchapaji mzuri na kila mtu pale alilijua hilo.

Kwa kiinua mgongo changu mume wangu akanitafutia Mbeya mjini kompyuta iliyotumika, pamoja na printa iliyopiga kelele kuliko cherehani. Tukaviweka sebuleni, kwenye nyumba yetu ya Msasani ya huku Tukuyu, juu ya meza iliyo karibu na dirisha la barazani, ili mteja asimame nje aseme anachotaka bila kuingia na matope yake. Nikabandika karatasi ukutani: tunachapa barua, kadi za harusi, mitihani. Wakaja. Miaka ile Tukuyu kila mtu alikuwa anaandika barua ya kuomba kitu, kama si kazi basi kiwanja, kama si kiwanja basi mkopo. Wanakwaya walitaka kadi za michango, walimu walitaka mitihani yao isomeke. Sebule ikawa ofisi yangu. Nikawa naamka tena asubuhi nikijua naenda wapi, ingawa ni hapo tu, ng'ambo ya ukuta wa chumba chetu cha kulala.

Ndipo baba mkwe akaletwa.

Alikuwa na kidonda mguuni, juu kidogo ya kifundo. Alijikata na jembe shambani kwake Ikuti, akajitibu kwa majani mpaka kidonda kikaanza kuoza, na mume wangu alipopata habari akamfuata, akamleta mjini kisafishwe hospitali kila siku. Kwa hilo sina ugomvi. Mzazi ni mzazi. Ugomvi wangu ni kwamba kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani.

Kwa asiyejua, ni hivi. Ukishaolewa, baba wa mumeo anakuwa mtu wa kumkimbia. Humtazami, humsemeshi, hukai naye chumba kimoja, jina lake hulitaji. Mkikaribia kukutana njiani, wewe ndiye unayeacha njia, unaingia kwenye migomba, unajifunika khanga na kuchuchumaa mpaka apite. Yeye naye, kwa heshima, anakohoa akiwa bado mbali ili upate nafasi ya kujificha. Nilimwona mama yangu akiacha njia akiwa na ndoo ya maji kichwani, akachuchumaa kwenye tope zima, na maji hayakumwagika. Wakati ule niliona ni ustadi. Siku hizi nikikumbuka napata kichefuchefu. Lakini mwili hauulizi unafikiri nini. Tangu niolewe, nikisikia tu kikohozi cha mzee, miguu yangu ilikuwa inaondoka yenyewe.

Kijijini mila hiyo ina nafasi yake, maana nyumba zimeachana na migomba ni mingi. Kwenye nyumba ya mjini yenye vyumba viwili na sebule ni balaa tupu. Asubuhi mume wangu alimpeleka hospitali, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, nusu ya kwanza ya siku sebule ilikuwa yangu. Mchana kikohozi kilisikika mlangoni, kizito, cha makusudi. Hapo hapo nilinyanyuka, hata kama nilikuwa katikati ya neno, nikatokea mlango wa nyuma kwenda jikoni. Kuanzia wakati huo mpaka jioni sebule ilikuwa yake. Chumba tulichompa kilikuwa na unyevu, mguu ulitakiwa uinuliwe, kiti kizuri kilikuwa kimoja, na mzee hawezi kufungiwa ndani mchana kutwa kama mwari. Hayo yote niliambiwa na mume wangu, na yote yalikuwa kweli, na ndiyo maana yaliniudhi.

Wateja wangu wengi walikuwa wa mchana. Walifika dirishani wakakuta mzee ameweka mguu wenye bandeji juu ya stuli, ananusa ugoro wake, anawaambia kwamba mwenye mashine hayupo. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, namenya ndizi, nawasikia wanavyopiga hatua kuondoka. Walikwenda kwa dada mmoja aliyekuwa amefungua fremu karibu na stendi. Yule dada alichapa kwa vidole viwili na kadi zake zilijaa makosa, lakini alikuwepo. Nilimwambia mume wangu kwamba mambo yakiendelea hivi kazi yangu imekufa, na sitapata nyingine. Akasema nivumilie, kidonda kitapona. Kidonda hakikuwa na haraka. Nikamwambia basi amwombe baba yake, kwani kanisani kwetu kulikuwa na familia zilizoachana na jambo hili, mkwe na mkamwana wanakula meza moja na hakuna aliyekufa. Akasema yeye hawezi kumwambia baba yake maneno hayo. Akapendekeza tuhamishie kompyuta chumbani kwetu. Yaani mwalimu aje kufuata mitihani aikute juu ya godoro letu. Kompyuta ikabaki sebuleni.

Sasa, ndani ya kompyuta ile kulikuwa na mchezo. Kamusi yangu ya shule iliuita sataranji, sisi tuliita chesi. Aliyekuwa na mashine kabla yangu aliuacha humo, labda alisahau. Asubuhi wateja walipochelewa niliufungua, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunifundisha, nilijifunza kwa kukataliwa. Unashika mfalme unampeleka mbali, mashine inalia kwa dharau, mfalme anarudi alipotoka. Unashika farasi unamsogeza mbele kama mtu mwenye akili timamu, inalia tena. Nilihangaika sana na yule farasi kabla ya kugundua kwamba anakwenda kwa kukunja kona. Askari anatembea mbele lakini anaua kwa upande, jambo nililoliona la kihuni. Askofu anakwenda mshazari tu, na hilo angalau nililielewa.

Kila nilichojifunza kilinigharimu mchezo mzima. Kilichonitia kinyaa hasa ni jinsi mashine ilivyoshinda. Mtu akikufunga kwenye mchezo anacheka, anakutania, anakuambia karibu tena, hata kama ni mnafiki. Mashine ilimfunga mfalme wangu pembeni, ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza kwamba nimeshindwa, ikabaki imenikodolea. Hakuna pole, hakuna kejeli. Nilikwishawahi kushukuriwa na kitu cha namna hiyo. Nikaishusha mpaka daraja la chini kabisa, la kuanzia, na huko nako ikanifunga, tena upesi. Nilikuwa naizima, na kesho yake nafungua tena.

Siku moja kikohozi kilinikuta katikati ya mchezo, nikakimbia nikauacha wazi. Asubuhi iliyofuata nilikuta kete zangu zimefyekwa. Nilikuwa nimeacha jeshi karibu lote, nikakuta mfalme na askari wawili waliopigwa na butwaa. Na kile kidude cha mkononi, kile cha kusogezea mshale, kilinata. Nikakinusa. Ugoro. Ulikuwa umeingia mpaka chini kwenye kigololi, umechanganyika na jasho na sijui na nini kingine. Nilikisafisha kwa spiriti ya kidonda chake mwenyewe, kwa pamba, huku nimebana pumzi.

Mume wangu alikiri kwamba ndiye aliyemwonyesha mzee namna ya kukishika, ili asichoke kukaa. Alisema baba yake amefurahi, kasema ni drafti la Wazungu. Mzee alikuwa bingwa wa drafti. Kule Ikuti, kwenye banda la kupimia chai, wanaume wakisubiri mzani walicheza kwa vizibo vya soda juu ya ubao, na yeye alikuwa hafungiki. Hilo nililisikia tangu nikiwa mchumba.

Nikaanza kuziangalia hatua zake, maana mchezo ulikuwa na mahali pa kubonyeza ukazirudisha nyuma moja moja ukaona kilichofanyika. Nikaona. Mzee alikuwa anakula. Kila kilichoweza kuliwa alikila. Mashine ikimwekea askari wa bure alimla kwa malkia, na malkia akaliwa. Ikimwekea mwingine akamla kwa ngome, nayo ikaenda. Mwanzo nilidhani ni ulafi. Halafu nikakumbuka drafti letu, kwamba pale ukiwa na cha kula huna hiari. Usipokula, mwenzako anaitoa kete yako ubaoni bila kukuuliza. Mzee alikuwa anatii sheria ambayo haikuwepo, na mashine ilikuwa inamlisha mpaka anavimbiwa. Nilichukia kuona hivyo. Sikumpenda, sikuwa na sababu ya kumpenda, lakini ile mashine haikuwa na haki ya kumfanya mjinga ndani ya nyumba yangu.

Nikamtuma mume wangu amwambie kwamba kwenye mchezo huu kula si lazima. Jibu lililorudi ni kwamba mtu anayeona chakula mbele yake akakiacha ni mgonjwa au ana jambo.

Basi tukagombana, mimi na baba mkwe, bila kuonana. Asubuhi nilirudisha nyuma hatua yake ya mwisho ya kula, nikacheza nyingine, nikaacha hivyo. Mchana yeye aliikuta, akala palipobaki pa kula. Asubuhi nikarudisha tena. Nilikuwa nafanya kwa ghadhabu, nagonga kile kidude mezani, na bila shaka yeye alikuwa anafanya vivyo hivyo, kwa sababu nilikuta meza ina vumbi la ugoro mpaka kwenye karatasi zangu. Kulikuwa na barua ya mteja wa kutoka Isongole, ya kuomba kiwanja, niliyolazimika kuichapa upya kwa sababu ya dole gumba la kahawia pembeni.

Sijui ni siku gani hasa aliacha cha kula. Nakumbuka tu nilikaa asubuhi, chai mkononi, nikaona askofu wa mashine amesimama wazi kabisa, wa kuchukuliwa, na mzee hakumchukua. Alikuwa amesogeza askari mmoja mdogo pembeni, akamziba njia. Nilirudia hatua nione kama sikukosea. Halafu nikaangalia kilichokuwa nyuma ya yule askofu, na mtego ulikuwa hapo.

Tangu siku hiyo hatukurudishiana tena. Tukawa tunacheza mmoja baada ya mwingine, hatua yangu asubuhi, hatua yake mchana, mashine ikijibu papo hapo kila mara kama kawaida yake ya kutokuwa na adabu. Hatukukubaliana, maana tungekubaliana kwa njia gani? Ilitokea tu kwamba yeye alisogeza kete moja akaacha, nami nikaona haya kusogeza mbili. Nyuma ya ukuta wa jikoni nilijua anafikiri kwa sababu ugoro ulikuwa unavutwa taratibu. Akishasogeza alipiga chafya. Mume wangu hakuelewa kwa nini asubuhi namharakisha amwondoe baba yake, halafu nakimbilia kwenye mashine kabla hata sijafungua dirisha la wateja.

Nisieleweke vibaya. Sebule ilinuka usaha na ugoro, wateja waliendelea kupungua, na bado kila nikisikia kikohozi nilikuwa nakimbia kama kuku. Nilikuwa nimechoshwa na mzee, na mume wangu anayejificha nyuma ya mila kila akiombwa kusema neno, na mimi mwenyewe. Ila tulikuwa tunaelekea kuishinda mashine, na hilo nililitaka kwa nguvu kuliko nilivyoitaka kazi.

Kisha ikaja mitihani. Mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari alinipa mitihani ya muhula mzima, madarasa yote, masomo yote. Alisema wazi kwamba nikiiweza, kazi za shule zitakuwa zangu kila muhula, na nisipoiweza kuna yule dada wa stendi. Nilichapa asubuhi kadhaa mpaka mgongo ukauma. Siku ya kukabidhi ilibaki kuitoa kwenye printa tu, na mjumbe wa shule alikuwa anakuja kuchukua mitihani kabla ya jioni. Asubuhi hiyo, nikiwa ndiyo kwanza nimesogeza kete yangu na kuufunga mchezo, umeme ukakatika. Nilikaa mbele ya mashine iliyokufa nikitazama mvua ya Tukuyu inavyoshuka kana kwamba haijawahi kunyesha kabla. Umeme ulirudi mchana, na nyuma yake, kabla hata taa haijatulia, kikohozi.

Miguu ikaondoka. Nikajikuta jikoni.

Mume wangu alimfikisha baba yake, akaunganisha na gari la kwenda Isongole kupeleka mbegu za viazi. Hakukuwa na wa kumtuma. Nilitoka jikoni nikaingia kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye ukumbi mdogo, ambapo pazia lilitenganisha vyumba na sebule. Nilisimama pale na maneno yote yamepangwa mdomoni. Baba, naomba sebule kwa muda, nina kazi ya watu. Si matusi hayo. Mtoto mdogo angeweza kuyasema. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilimfikiria mwalimu mkuu, nikafungua tena, na hakikutoka kitu. Ilikuwa mila ile ile iliyomfanya mama yangu achuchumae kwenye tope, nikajisikia uchafu. Nilisimama hapo, kazi yangu ikinipita, na sikuweza.

Pazia lilikuwa na upenyo. Sikumtazama yeye, hilo naweza kuapa. Nilitazama kioo cha kompyuta. Alikuwa ameshajifunza kuiwasha mwenyewe na kuufungua mchezo wetu pale ulipoachwa, na ilikuwa zamu yake. Malkia wetu alikuwa akitazamana na mfalme wa mashine, na askari wetu mmoja alikuwa amefika mbali sana mbele, karibu na mfalme huyo. Mashine ilikuwa imeacha farasi wake pembeni, mnono, bila ulinzi. Nilikuwa nimeiona hali ile asubuhi na nilikuwa nimeifikiria muda wote niliokaa mbele ya mashine iliyokufa. Malkia akimla farasi, anatoka kwenye mstari, na mfalme wetu, aliyezibwa na askari wake mwenyewe, anapigwa na ngome kwa nyuma na kufa. Malkia akimwacha farasi na kwenda kusimama mbele ya mfalme wa mashine, huku askari wetu akimlinda, mchezo umekwisha na tumeshinda.

Mkono wa mzee ukaonekana kwenye upenyo, wenye mishipa na madoa, kucha za kahawia. Ulisogeza mshale mpaka kwa malkia. Kisha mshale ukaanza kwenda kwa farasi, taratibu, ukasimama juu yake.

"Baba," nilisema, "usile hiyo. Kula si lazima."

Sauti ilitoka nzima, safi, kama ninavyosema na mteja. Niliisikia na sikuamini kwamba ni yangu.

Mkono ulitulia. Mvua ilipiga bati. Halafu mshale ukaondoka kwa farasi, ukarudi, ukambeba malkia moja kwa moja mpaka mbele ya mfalme wa mashine, ukamwacha hapo. Mashine ikapiga tarumbeta ndogo, ikaandika mstari wake wa Kiingereza, na safari hii mstari ulisema tumeshinda. Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Mzee akakohoa. Kilikuwa kikohozi kile kile cha njiani, cha kunipa nafasi ya kujificha, ingawa nilikuwa nimeshajificha. Nikasikia fimbo yake, mguu ukiburuzwa, mlango wa mbele ukifunguliwa. Akatoka akakaa barazani.

Niliingia. Kiti kilikuwa bado kina joto. Nikawasha printa, nikachapa mitihani yote, ukurasa kwa ukurasa, na kelele zile zilijaza nyumba hata sikuisikia tena mvua. Rasha rasha zilikuwa zinaingia barazani na nilijua bandeji inalowa. Niliendelea kuchapa. Mjumbe wa shule alikuja akapokea kifurushi dirishani, akamsalimia mzee, akaondoka. Mwalimu mkuu alinipa kazi za shule kuanzia muhula ule.

Mume wangu aliporudi alimkuta baba yake nje. Walizungumza kwa Kinyakyusa kwa sauti ya chini. Kisha akaingia akaniambia kwamba baba anarudi Ikuti kesho asubuhi, kwamba mkamwana amemsemesha na hawezi tena kulala chini ya bati moja naye. Hakutaka kuku wala kitu chochote cha kufuta kosa, jambo ambalo mume wangu aliliona baya kuliko kutozwa faini.

"Umemfukuza baba yangu kwa ajili ya mchezo," alisema.

Nilimwambia kwamba nilijaribu kumwondoa sebuleni kwa ajili ya chakula cha nyumba hii, nikashindwa. Hakuelewa na sikurudia.

Asubuhi walipokuwa wanaondoka nilisimama nyuma ya mlango, kama ilivyotakiwa. Mzee alikuwa barazani na kifurushi chake cha bandeji. Alisema na mume wangu, lakini alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa na sababu ya kumsemesha mwanawe, na kwa sauti ya kuvuka ukuta.

"Umwambie nkamwana, ndaga. Ila ile nilikuwa nimeshaiona."

Ndaga ndiyo asante yetu. Hiyo nyingine ilinichoma, na inanichoma. Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alikuwa anajitetea kama bingwa wa drafti yeyote. Nimeufikiria ule mshale ulivyosimama juu ya farasi. Huenda alikuwa anampima tu. Huenda nilivunja kimya cha miaka yote ya ndoa yangu kumwambia mtu kitu anachokijua. Na huenda alikuwa anamla, akaona haya, akaniachia nyumba yangu pamoja na neno hilo.

Kidonda kilipona huko huko Ikuti. Tulipokwenda kwa Krismasi, niliambiwa na wifi yangu kwamba mzee amekuwa kero kwenye banda la chai. Kwenye drafti akiwa na cha kula, anakiacha. Wenzake wanamtolea kete, yeye anawaambia kuna watu wanacheza bila kulazimishana, na hamtaji aliyemfundisha. Tulikuwa jikoni tukizungumza hayo. Kikohozi kilisikika njiani, nami nikageukia ukuta nikajifunika.

Sebule ikawa yangu kutwa nzima. Nilisugua meza, nikapaka chokaa, nikatupa stuli. Wateja walirudi. Nilipopata nafasi nilifungua mchezo nikacheza na mashine peke yangu, nikaja kuishinda mara nyingi tu, na kila mara iliandika mstari wake ule ule na kunikodolea. Mchana mmoja niliacha mchezo katikati nikaenda kuangalia ndizi jikoni. Nilizigeuza, nikaongeza maji, nikakaa huko kuliko zilivyohitaji. Nilipokuwa narudi, kwenye pazia, nilikohoa.

Mteja aliyekuwa dirishani akaniuliza kama naumwa kifua. Nikamwambia ni vumbi. Nikaingia, nikatazama kioo. Kila kete ilikuwa pale nilipoiacha.